Mgeni Asiyeshika Jembe

Riwaya ya Yukiguni, yaani Nchi ya Theluji, ilitoka mwaka 1937, na mwandishi wake Mjapani, Kawabata Yasunari, aliikamilisha mwaka 1948. Mahali pake ni nyumba ya wageni katika mji wa milimani wenye chemchemi za maji ya moto. Shimamura, mtu wa Tokyo anayeishi kwa mali ya urithi, huja huko mara tatu, akiwaacha mkewe na watoto. Huoga, hutazama theluji, na hupendwa na Komako, mwanamke atumbuizaye wageni kwa kinanda cha nyuzi tatu. Komako hujizoeza peke yake kwa bidii. Shimamura huona bidii hiyo ni kazi bure.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu hakina kisa. Mimi naona kisa ni huyo mgeni. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shimamura hapewi jembe, maana amelipa. Basi kila kitu kwake ni kizuri, wala hakuna kimfungacho. Tena theluji imeelezwa vizuri hata sisi nasi tunamsahau Komako. Hapo ndipo mwandishi anapotunasa. Msomaji, ukikifunga kitabu, jiulize: nyumba uliyokula, umeiachia nini?