Neno 'kasumba' halitoshi kueleza kwa nini waumini hawahami

Kila mwaka nisahihishapo insha za wanafunzi wangu wa fasihi, hukutana na hitimisho lilelile. Mhusika fulani anasali kwa bidii. Kiongozi wake wa dini ni mlevi wa siri au mla pesa za sadaka. Mhusika anajua, jirani zake wanajua, na bado haondoki. Kwa nini? Mwanafunzi anaandika: "Kwa sababu ametiwa kasumba." Basi, imekwisha hiyo, angoja alama. Nami huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwani wewe ungekwenda wapi?"

Kasumba, kwa asili, ni afyuni. Baadaye maana ilipanuka, ikawa fikra potofu anazopandikizwa mtu bila kujua. Wahakiki wetu wakaliunganisha neno hilo na kauli mashuhuri ya Karl Marx ya mwaka 1844 iliyoilinganisha dini na afyuni. Wanaoikariri husahau kwamba papo hapo Marx aliizungumzia dini kama kilio cha wanaoonewa. Tumechukua afyuni, kilio tumekiacha.

Hebu tulitazame neno jingine linalohusika hapa: mnafiki. Wagiriki wa kale, ambao Kiingereza kilikopa neno lao, walimwita mtu huyo kwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Sisi tulikopa kutoka Kiarabu, na wanaleksikografia wa kale wa lugha hiyo walilihusisha neno hili na shimo la panya wa jangwani, lenye mlango mmoja wa wazi na mwingine uliofichwa. Akibanwa huku, hutokea kule. Kwa picha hii, mnafiki ni mwenye milango miwili. Muumini wa kawaida ana mlango mmoja tu.

Nilifafanuliwa jambo hili na mama mmoja jirani yangu pale Changamwe, ambaye hajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa Marx. Kanisa lake ni kali: hakuna hereni, hakuna suruali kwa wanawake, hakuna muziki wa dunia. Mzee wa kanisa aliyekuwa mkali kuliko wote akaja kugunduliwa na nyumba ya pili ng'ambo ya Likoni. Nikamuuliza, "Mama, na bado waenda?" Akacheka. "Mwalimu, nitoke niende wapi? Mume wangu alipofariki, nani alilala kwangu siku saba? Yule mzee ni mnafiki, haya, sikatai. Lakini wale kina mama waliokuja na masufuria yao hawakuwa wanafiki." Kisha akanitupia methali: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Methali haidai kwamba mbacha ni mzuri. Inakiri kuwa umetoboka, halafu inauliza utalalia nini usiku wa leo.

Sisi wa bara ya Mombasa tuna ushahidi wa jambo hili hapa hapa Kisauni. Abiria anayeshuka Kengeleni huenda asikumbuke kengele iliyopapa mahali hapo jina lake. Ni kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875. Jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo ya kukomesha biashara ya watumwa na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873. Watu waliokombolewa baharini waliletwa hapo wapate uhuru, kazi na Injili. Lakini nidhamu ilikuwa ya chuma. Chini ya msimamizi J. R. Streeter watu walicharazwa viboko na kufungiwa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari zikavuja na uchunguzi ukafanywa. Waliohubiri ukombozi walikuwa wameshika mjeledi. Unafiki gani umzidi huo?

Mbona basi wengi hawakuondoka? Fikiria mtu aliyetekwa utotoni, akauzwa mara mbili tatu, asiyekumbuka njia ya kwao. Nje ya ua huo angeweza kukamatwa tena. Ndani yake alikuwa na mke, shamba, wasimamizi wa ubatizo wa mwanawe na wenzake wa kuimba nao. Ndugu zake wote walikuwa wa kanisani.

Tena kubaki hakukuwa kulala usingizi. William Jones, aliyekuwa mtumwa, akalelewa na wamisionari Nasik, India, alibaki katika kanisa hilo na akapewa ushemasi mwaka 1885. Huko Rabai aliwahifadhi watoro waliokimbia mabwana zao, ingawa wamisheni ilitakiwa isiwapokee. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fidia. Jones aliyachukua maneno ya wahubiri kwa uzito kuliko wahubiri wenyewe.

Upande wa Waislamu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifanya vivyo hivyo kisiwani Mombasa. Katika gazeti lake Al-Islah la mwaka 1932 aliwakemea Waislamu wenzake kwa kupuuza elimu na kwa israfu katika sherehe. Hakuhama. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu.

Je, nasema basi kila anayebaki amefanya vyema? La hasha! Shakahola inatukataza kusema hivyo. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu huo wa Kilifi. Mhubiri Paul Mackenzie amekanusha mashtaka, na hukumu tuiachie mahakama. Linalonikosesha usingizi ni jambo la Juni mwaka huo: manusura 65 walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, hapa Kisauni, wakidaiwa kukataa chakula katika kituo walikohifadhiwa. Mhubiri alikuwa kizuizini, mahubiri yamekoma, na bado hawali. Tutasema kasumba tena? Nadhani kwa baadhi yao kula kungekuwa kukiri kwamba waliozikwa msituni walikufa bure. Nani ana kifua cha kukiri hilo kwa sahani moja ya ugali?

Tofauti basi iko wapi? Iko mlangoni. Jones aliweza kupinga na kubaki. Sheikh Al-Amin aliweza kuandika. Jirani yangu husimama kikaoni akadai hesabu za sadaka, na jioni hurudi kwa watoto wanaosoma shule na dada asiyesali kanisa lake. Mbacha wake umetoboka, lakini chumba hakina kufuli. Imani inayomtenga mtu na jamaa, shule na hospitali hufunga mlango wake mmoja, huku kiongozi akibaki na miwili.

Baada ya Shakahola, jopokazi lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilipewa kazi ya kuchunguza sheria zinazosimamia mashirika ya kidini. Sheria ni muhimu, sikatai. Ila cheti ukutani hakitampikia mjane. Anayetaka waumini wawaache wanafiki, aulize kwanza kama yeye atakuja na sufuria.

Nanyi wanafunzi wangu, mtakapokutana tena na mhusika asiyehama, msikimbilie kasumba. Hesabuni milango.