Ngalawa Ndani ya Kasri

Katikati ya Berlin kuna ngalawa iliyojengewa ukuta. Sisemi kwa mafumbo. Ina urefu wa mita 15 hivi, na ilitoka kisiwa cha Luf katika bahari ya Pasifiki, nchi ambayo leo ni Papua New Guinea. Mwaka 2018, jengo la Humboldt Forum lilipokuwa bado halijakamilika, mafundi waliacha tundu ukutani makusudi ili ngalawa hiyo iingizwe. Ikaingia. Kisha tundu likazibwa. Kuitoa leo, lazima ukuta ubomolewe.

Niliisimamia karibu nusu saa, Novemba moja ya baridi kali, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Sikulipa kiingilio. Nilikuwa nimeenda kuona jengo lenyewe, maana mimi hupenda kusoma kuhusu majengo ingawa sina cheti chochote cha usanifu. Nilitoka pale nikiwa na swali moja tu: hawa watu walipochora ramani, hakuna aliyeuliza hiki kitu kitatoka vipi?

Uhakiki mwingi wa Humboldt Forum hubishana kuhusu sura yake. Je, ni sawa kujenga upya kasri la wafalme katika karne ya 21? Ubishi mzuri huo, na nitaugusa. Lakini nadhani jengo hili lipimwe kwa milango yake: nani anaingia, nini kinaingizwa, na nini kinaweza kutoka.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kasri la awali lilianza kujengwa karne ya 15, likawa makao ya ukoo wa Hohenzollern. Mabomu yaliliharibu mwaka 1945, na mwaka 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalipua magofu. Baadaye ikajenga hapo Palast der Republik, lililofunguliwa 1976: jumba la vioo lenye bunge, mikahawa, ukumbi wa tamasha, hata mahali pa kucheza bolingi. Mwaka 1990 likafungwa kwa sababu ya asbesto. Mwaka 2002 bunge la Ujerumani iliyoungana likaamua kasri lirudi, na kati ya 2006 na 2008 jumba la wakomunisti likabomolewa. Mwitaliano Franco Stella akashinda shindano la usanifu, na kazi ikagharimu karibu euro milioni 680.

Stella aliambiwa arudishe kuta tatu za nje jinsi zilivyokuwa, na akatii. Mawe yamechongwa vizuri sana, tai na malaika wako mahali pao, lakini nyuma yao ni zege ya juzi. Upande wa nne, unaotazama mto Spree, Stella aliuacha mtupu: safu za madirisha mapana, hakuna pambo. Wengi wanausema vibaya upande huo. Mimi niliupenda, kwa sababu hausingizii kuwa na miaka 300.

Kilichonishinda ni kuba. Juu yake kuna msalaba, na chini ya msalaba maandishi ya dhahabu yaliyochaguliwa na mfalme wa karne ya 19, yanayotaka viumbe wote walipigie magoti jina la Yesu. Nayo yamerudishwa. Mimi nimelelewa kanisani, msalaba haunitishi. Lakini haya ni makumbusho ya tamaduni za dunia, ndani yamejaa vitu vya watu waliopigishwa magoti kikweli. Hata kama aliyeyarudisha hakukusudia ubaya, kwani hakusoma?

Utaniambia Berlin haijui kufanya vingine. Inajua, tena kuliko miji mingi. Ukivuka bustani ya Lustgarten, kwa mwendo wa dakika chache, unafika Neues Museum. Lilipigwa mabomu, likakaa gofu miongo mingi, likafunguliwa tena mwaka 2009 baada ya kazi ya David Chipperfield. Yeye hakuficha kitu. Palipobomoka alijaza matofali ya zamani, rangi zilizobabuka akaziacha, na alama za risasi bado ziko kwenye nguzo za nje. Pale Reichstag, Norman Foster alihifadhi maandishi ambayo wanajeshi wa Kisovieti waliandika ukutani mwaka 1945. Yaani mji huu ukitaka kukumbuka, una mafundi wa kukumbuka. Vidonda ulivyojeruhiwa wenyewe unavitunza kwa mapenzi. Vidonda ulivyowatia wengine umevijengea uso laini.

Na baadhi ya hao wengine ni sisi. Kaiser Wilhelm II aliishi katika kasri la awali, naye ndiye aliyekuwa mtawala wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilivyoua watu wengi mno kusini mwa Tanzania ya leo, wengi wao kwa njaa. Silaha zilizotekwa katika vita hivyo ziko katika mkusanyiko wa makumbusho haya. Mkenya atasema hayo ni mambo ya Watanzania. Pole. Kuanzia 1885 hadi 1890 Witu, katika Lamu ya leo, ilikuwa chini ya Wajerumani, hadi walipoiachia kwa Waingereza katika mkataba uleule uliowapa kisiwa cha Heligoland. Tuligawanywa mezani kama sukari.

Ukweli usemwe, jengo lina mazuri yake. Nyua zake ziko wazi, unakatiza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila askari kukuuliza unaenda wapi. Nilikuta watoto wakikimbia, wazee wakinywa kahawa. Jaribu kukatiza ua wa jengo la serikali Nairobi hivyo uone. Na mwaka 2022 umiliki wa vitu zaidi ya 500 vya Benin ulirudishwa kwa Nigeria, ingawa baadhi vimebaki Berlin kwa mkopo. Shaba za Benin zinapita mlangoni.

Ngalawa haipiti. Wanajeshi wa majini wa Kijerumani walishambulia Luf kati ya 1882 na 1883, wakachoma nyumba na vyombo. Ngalawa hii ilijengwa baada ya hapo, na wafanyabiashara wa Kijerumani wakaichukua mwanzoni mwa karne ya 20. Kama ilinunuliwa kwa haki, watu bado wanabishana. Sawa, wabishane. Lakini ubishi ulikuwa bado haujaiva wakati fundi alipopanga tofali la mwisho. Wataalamu watasema makumbusho huhitaji kuta zilizofungwa, joto na unyevu vidhibitiwe. Naelewa. Mlango mkubwa pia hufungwa vizuri. Waliweza kurudisha tai wa mawe waliopotea tangu 1950, washindwe na mlango?

Hapo ndipo jengo liliponiudhi, kuliko msalaba na kuliko tai. Sisi huzungumzia kurudisha vitu kama jambo la mikataba, hotuba na wanasheria. Kumbe msanifu naye ana sehemu yake, na ukuta wake unaweza kumaliza mazungumzo kimyakimya hata kabla wenye mali hawajaketi.

Ningepewa kubadilisha kitu kimoja, ningeacha kuba na msalaba wake. Ningetoboa ukuta ule, nikatia mlango wa mita kadhaa, wenye bawaba nzito, unaofunguka kwa nje. Pengine watu wa Luf wangesema ngalawa ibaki Berlin, na mlango usingefunguliwa kamwe. Sawa tu. Uamuzi ungekuwa wao.