Hambaka za Gitaa la Kazi Nyingi: Uchambuzi wa Uteuzi Mmoja

Mpiga gitaa anayeitumikia bendi ya dansi usiku wa Jumamosi na kwaya asubuhi ya Jumapili, naye ana chombo kimoja tu mkononi, ana haja isiyofanana na ya yule apigaye mtindo mmoja maisha yake yote. Na kwa ajili ya mtu wa namna hiyo nimependa kueleza jinsi pikapu mbili za gitaa lake zilivyoteuliwa, kwa sababu uteuzi huo aghalabu hufanywa kwa kutazama nguvu peke yake, ilhali nguvu ndiyo sifa ya mwisho anayoihitaji. Gitaa lenyewe lilikuwa na mbao njema na shingo iliyonyooka, walakini hambaka yake (pikapu ya koili mbili) ya darajani, yenye sumaku ya seramiki na waya mwingi kupita kiasi, ilifaa kwa solo ya kelele tu. Kila alipopiga kodi za ridhimu kwa sauti safi, noti zilishikamana zikawa kitu kimoja kisicho na umbo, na ile ya shingoni ilikuwa nzito hata besi ikaimeza.

Kabla ya kuhukumu pikapu yoyote ni sharti tuijue asili ya kazi yake. Hambaka tunayoifahamu leo ilisanifiwa na Seth Lover katika kiwanda cha Gibson huko Kalamazoo, Michigan, naye akaiombea hataza mwaka 1955, akapewa mwaka 1959. Pikapu ya koili moja huzisikia nyuzi, lakini huusikia pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde na Marekani mara 60. Lover aliziweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akaugeuza mwelekeo wa waya wa moja, kisha akaigeuza na ncha ya sumaku inayoilisha koili hiyo. Mtikisiko wa uzi, ambao hauwezi kuzaa umeme bila sumaku, hugeuzwa mara mbili, hivyo ishara za koili zote mbili huelekea upande mmoja na kujumlika. Bali mvumo, usioitegemea sumaku hata kidogo, hugeuzwa mara moja tu, na ule wa koili hii huufuta ule wa koili ile. Sijui fikra katika ufundi wa gitaa iliyo nyepesi kuieleza na yenye taathira kubwa kuliko hii.

Utulivu huo, hata hivyo, una gharama yake. Koili mbili zina waya mwingi kuliko moja, na kadiri mizunguko ya waya inavyozidi, ndivyo pikapu inavyokipoteza kile kimo cha juu cha sauti kinachoifanya noti itambulikane mbele ya ngoma na tarumbeta. Hambaka za kwanza za Gibson zilikuwa na takriban mizunguko 5,000 katika kila koili, na ukinzani wake wote kwa jumla ulikuwa kati ya omu 7,000 na 9,000. Wauzaji hutangaza tarakimu hii ya ukinzani, na wanunuzi huichukua kuwa kipimo cha nguvu, jambo ambalo si la insafu kwa pikapu yenyewe. Kwa maana waya mwembamba zaidi huupandisha ukinzani upesi pasipo kuongeza sauti kwa kadiri hiyo hiyo. Hambaka iitwayo JB, ya mtengenezaji Seymour Duncan, mathalani, yenye ukinzani wa omu 16,000 na ushei, haina nguvu maradufu ya hambaka ya kale. Ni pikapu bora, na wengi huiweka darajani wakiioanisha na ile iitwayo Jazz shingoni; lakini tabia yake ya kusukuma sauti ya katikati ingalimrudisha mwenye gitaa karibu na shida aliyotaka kuikimbia.

Kwa hiyo zilichaguliwa mbili ziitwazo '59 za mtengenezaji huyo huyo, zilizofuata mfano wa hambaka za miaka ya 1950: ya darajani takriban omu 8,100, ya shingoni takriban omu 7,400, zote kwa sumaku ya alniko 5. Hitilafu hiyo ya vipimo ina sababu, maana uzi hutikisika kidogo karibu na daraja na sana karibu na shingo, na pikapu ya daraja isipozidishiwa waya itanyamazishwa na mwenzake kila swichi inapohamishwa. Alniko 2 nayo ilifikiriwa. Ni laini na tamu katika nyuzi nyembamba, lakini hulegeza nyuzi nene, na mpigaji huyu huzitegemea nyuzi nene katika ridhimu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni waya nne. Ziliagizwa hambaka zenye waya nne mbali na ule wa ardhi, ili kila koili iweze kufikiwa pekee. Wengi wanaopata nafasi hii huizima koili moja, wakapata sauti nyembamba ya kupendeza, na pamoja nayo wakaurudisha ule mvumo ambao Lover aliufukuza. Hapa koili ziliunganishwa sambamba badala ya kufuatana, kwa swichi ya kuvuta iliyomo ndani ya kidhibiti cha toni: sauti hupungua, ila kizuizi ambacho koili huzitilia sauti kali hushuka hadi karibu robo, noti husikika moja moja, na mvumo haurudi. Kwa ridhimu ya dansi na kwa kusindikiza waimbaji sioni njia iliyo bora. Vidhibiti vya sauti vilibadilishwa vikawa vya kilo-omu 500, kwa sababu vile vya 250 vingeunyonya ukali huo huo uliotafutwa.

Umbali kati ya nyuzi za pembeni ulipimwa kwanza darajani, kwani pikapu yenye vichwa vya milimita 49 chini ya nyuzi zilizoenea 52 huzikosa zile za pembeni. Baada ya kulehemu, ulinganifu wa pikapu mbili ulihakikishwa kwa mita na bisibisi ya chuma: bisibisi hugusishwa juu ya vichwa vya pikapu na kuondolewa ghafla, na kama mshale wa mita hupanda kwa moja na kushuka kwa nyingine, waya za moja zigeuzwe, la sivyo zikilia pamoja hukondeshana sauti. Mwisho zilishushwa, ya shingoni ikawa takriban milimita 2 na nusu chini ya uzi wa besi ulioshikwa kwenye freti ya mwisho, ya darajani milimita 2, kwani sumaku iliyo karibu mno huuvuta uzi na kuukatiza mlio wake mapema.