Neno Lililomo Ndani ya Jibu

Injini ya kutafuta haipekui mtandao mzima kila inapoulizwa. Kurasa zimekwisha kukusanywa kabla, na kila neno limeandikiwa orodha ya kurasa linamopatikana, kama faharasa ya mwishoni mwa kitabu. Kwa hiyo ufundi wa kutafuta, na ni ufundi hasa wa kuheshimiwa, huanza kwa kujiuliza aliyeandika jibu alitumia maneno gani.

Mkulima akikata muhogo na kukuta ndani madoa makavu ya kahawia, huandika kwa kawaida “mihogo inaoza ndani dawa gani”. Huletewa mchanganyiko usio na kichwa wala miguu. Mabwana shamba wameupa ugonjwa huo jina: michirizi kahawia. Jina hilo likishajulikana, maneno mengine karibu yote ni ya ziada. Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alieleza kwa nini: neno lililomo katika maandiko machache huchambua vizuri zaidi kuliko neno lililotapakaa kote. “Dawa” limeenea kila mahali. “Michirizi” ni haba. Asiyelijua jina hana haja ya kukata tamaa. Utafutaji wa kwanza ni wa kuokota msamiati, na msomaji makini huuchukua kutoka katika kurasa zile zile zisizomjibu, kisha akatafuta upya. Hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo.

Kiswahili kina ugumu wake. Inaoza, imeoza, iliyooza, yameoza: kitenzi kimoja hubadilika sura kila kinapovaa viambishi, na mashine haizitambui sura zote sawasawa. Nomino ni salama zaidi. Jina la kisayansi ni salama kupita yote. Manihot esculenta, yaani muhogo, huandikwa hivyo hivyo Kibaha, Kinshasa na São Paulo.

Alama ni chache. Katika Google, maneno yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu hutafutwa kwa mpangilio huo huo. Alama ya kutoa ikigandana na neno, mfano -mapishi, huziondoa kurasa zenye neno hilo. Kuongeza site:go.tz hubakiza tovuti za serikali ya Tanzania, na filetype:pdf huleta vijitabu na ripoti.

Linalodai uangalifu zaidi ni kutolitia jibu ndani ya swali. Anayeandika “muarobaini unaponya michirizi kahawia” amekwisha kujijibu, na ataletewa kurasa zenye maneno hayo, ziwe za utafiti au za uvumi. “Kudhibiti michirizi kahawia” hakuegemei upande wowote, na humfikisha kwenye maelezo kwamba ugonjwa huletwa na virusi wanaosambazwa na inzi weupe na kwa pingili zilizoambukizwa, kwamba mmea ukishaugua hautibiki, na kwamba mkulima hujikinga kwa kupanda pingili safi za aina zinazouhimili.