Mizani ya Kumbukumbu ya Programu

Katika mji wa Isiolo, uliokaa juu ya barabara kuu iendayo Marsabit na Moyale, simu ya mkononi ndiyo benki na ndiyo barua, nayo humpa mwenye ngamia habari za soko kabla hajaswaga mnyama hata mmoja. Na madhali simu za bei nafuu zimewafikia watu wengi, zikiwamo zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2020 kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom na Google, ambao mnunuzi alilipa shilingi 20 kwa siku, kujua kiasi cha kumbukumbu kinachotumiwa na programu si elimu ya wataalamu wa Nairobi peke yao. Simu yenye gigabaiti 1 haina nafasi ya israfu: programu moja ikijitanua, mfumo huzizima nyingine, na mtu arudiapo ujumbe aliouacha katikati huenda akaukuta umepotea.

Kipimo chema hutambulikana kwanza kwa jina lake. Fundi akisema kwamba programu inakula megabaiti 300, asibainishe amehesabu nini, hajasema neno. Ipo hesabu iitwayo VSZ, ijumuishayo anwani zote ambazo programu imejitengea, hata zile isizopata kuzigusa. Hiyo yaweza kuzidi kumbukumbu yote iliyomo katika simu, na kwa kazi yetu haifai. Ipo RSS, ihesabuyo kurasa zilizomo kumbukumbuni kwa hakika, kila ukurasa ukiwa kipande cha kumbukumbu, kwa kawaida cha baiti 4096. Nayo ni afadhali, illa huhesabu mali ya shirika kana kwamba ni ya mtu mmoja.

Wafugaji watatu wanyweshao katika birika moja, kila mmoja akiyaandika maji yote kuwa ameyatumia yeye, daftari zao zitataja maji mara tatu ya yaliyokuwamo. Ndivyo ilivyo katika Android, ambamo programu huzaliwa na mzazi mmoja aitwaye Zygote na kushirikiana kurasa alizokwisha kuziandaa. Chukua programu tatu, kila moja ina megabaiti 20 zake mwenyewe, na zote zinashirikiana megabaiti 12: RSS itasema 32 kwa kila moja, jumla 96, ilhali zilizotumika ni 72 tu. PSS, iliyoingia katika Linux, msingi wa Android, kwa toleo la 2.6.25 mwaka 2008, huigawa ile 12 kwa watatu, ikampa kila mmoja, pamoja na 20 zake, 24, na jumla ikasimama sawasawa. Katika simu ya Android fundi huipata kwa amri ya dumpsys meminfo, na kwangu mimi ndiyo hesabu yenye insafu kuliko zote.

Hata hivyo PSS nayo yataka tahadhari. Jirani mmoja akizimwa, fungu la waliobaki huongezeka ingawa hawakufanya lolote. Kwa hiyo atakaye kujua ni kiasi gani kitakachorudi akiifunga programu, na atazame kurasa za faragha, zisizoshirikiwa na mwingine. Tena mfumo ukibanwa hukandamiza kurasa na kuziweka pembeni, na mpimaji asiyezihesabu hizo ataisifu programu kwa wembamba isiokuwa nao.

Wakati wa kupima nao una hukumu yake. Programu iliyofunguliwa sasa hivi haijaonyesha tabia. Fungua humo skrini ile ile mara nyingi, uifunge, uirejee baada ya saa kadhaa, nawe utazame kama hesabu inatulia au inapanda kila safari. Ipandayo pasipo kushuka ina uvujaji, hata ikiwa leo ni ndogo.

Basi, ndugu fundi, mteja akikuuliza ni programu ipi inayomlemea simu yake, mwandikie PSS na kurasa za faragha, saa uliyopima na aina ya simu, ili fundi mwingine aweze kuirudia hesabu yako na kuikubali au kuikataa.