Nani Hajatoka Bwenini?

Watu waliomo ndani ya jengo huhesabiwa kwa makusudi mawili ambayo aghalabu huchanganywa: la kwanza ni kujua kama jengo limepita kiasi chake, na hilo latosheka na idadi, la pili ni kujua nani hajatoka pindi moto unapozuka, na hilo haliridhiki ila kwa majina.

Sisi wa Nyabiyonza, Karagwe, hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, wilayani Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipotengwa mwaka 2012, bweni la wavulana la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu liliteketea, na watoto 10 wakafariki. Na kabla ya hapo watu wa mkoa wetu wa Kagera walikwisha kuonjeshwa uchungu wa hesabu pungufu majini, ilipozama meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996: chombo cha abiria 430, ambacho orodha yake ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, hata ikawa vifo, vilivyotajwa kuwa zaidi ya 800, vilihesabiwa bila daftari la kuvilinganisha nalo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mkata tiketi aliangamia pamoja na mashine iliyohifadhi hesabu. Kumbukumbu inayokaa ndani ya kile inachokihesabu ni sawa na kutokuwepo.

Lakini tukio linalomfaa zaidi mchambuzi ni la moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024. Ilijulikana kwamba bweni lile lilikuwa la wavulana 156. Walakini siku ya pili yake Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo, akawasihi wazazi na majirani waliowachukua wajitokeze. Wengi katika hao 70 walikuwa hai, wamelala kwa jamaa na jirani, na waliofariki wakathibitika kuwa 21. Idadi ya kuanzia, basi, ilikuwepo. Kilichopungua ni hesabu ya kutoa, kwa kuwa mzazi aliyefika gizani na kumtwaa mwanawe, jambo ambalo hakuna mwenye moyo atakayemlaumu, hakukuta mtu mwenye kalamu wa kumwandika.

Wapo wanaodhani dawa ni mashine. Kifaa cha miale miwili mlangoni hutambua, kwa mwale uliotangulia kukatwa, kama mtu aingia au atoka. Ila watoto wawili wakipita bega kwa bega huwahesabu mmoja, kosa hujilimbikiza kutwa nzima, na madhali bweni halibaki tupu usiku, hakuna saa ya kukirudisha sifuri wakati hesabu inapohitajiwa mno. Fauka ya hayo, hakijui jina la mtu. Chafaa ukumbini, bwenini sikiamini.

Aula kuliko hayo ni kaunta buku. Mwalimu wa zamu aite majina baada ya taa kuzimwa, si kabla, wala asihesabu vitanda, kwani mtoto mdogo mwenye hofu huhamia kwa kaka yake, kitanda kimoja kikawa na wawili na kingine kikawa na blanketi tupu. Nakala ilale kwa mlinzi wa getini. Kila anayeondoka, mchana au usiku, kwa ugonjwa au kwa msiba, aandikwe saa yake na sahihi ya aliyemchukua. Na moto ukitokea, mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote ila kusimama mahali pa kukusanyika na daftari hilo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 uliagiza majina yaitwe kila siku na kumbukumbu zihifadhiwe, pamoja na milango kufunguka kwa nje na madirisha kutokuwa na nondo. Agizo lilikuwepo miaka 16 kabla ya Endarasha.

Wajumbe wa kamati za shule za Karagwe na Kyerwa, mkutano ujao msiridhike na kuonyeshwa mitungi ya kuzimia moto: ombeni daftari la bweni, mtazame kama lina safu ya waliotoka, na muulize nakala yake inalala wapi.