Kabla ya Kushika Bisibisi

Fundi mbovu wa kompyuta utamjua kwa haraka yake ya kushika bisibisi. Mashine imewekwa mezani, taa yake inawaka, feni inavuma, kioo ni cheusi. Naye tayari ameshaipindua na anatafuta skrubu. Fundi ninayemsifu mimi huanza na maswali. "Mara ya mwisho ilionyesha lini, mwalimu? Ilianguka? Umeme ulikatika ukiwa unaitumia? Umekuja nayo kwa pikipiki?"

Swali la pikipiki lina maana yake. Chukua mfano wa Makambako, mji ulio njia panda: barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo kutoka ile kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, kwa hiyo kompyuta mpakato za Mdandu na vijiji vingine vya Wanging'ombe huishia kwa mafundi wa hapo, zikiwa zimetikiswa njia nzima ndani ya begi la mgongoni. RAM ikilegea kidogo tu kwenye nafasi yake, mashine itazungusha feni na isionyeshe kitu. Juni na Julai baridi nayo ina mchango wake. Mashine iliyopoa njiani ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye jiko la mkaa, mvuke wa hewa hugeuka maji juu ya saketi zake. Fundi anayeijua Njombe huiacha kwanza ipate joto la chumba, na mteja mwenye haraka hudhani amesahauliwa.

Kisha huchomoa chaji, hutoa betri kama inatoka, hubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika. Asiyejua huona ni uganga. Kumbe umeme uliosalia ndani unaisha, na chipu inayosimamia nishati, iliyokuwa imekwama, inaanza upya. Mashine nyingi hurudi nyumbani hapo hapo.

Ikikataa, linabaki swali moja: imekufa, au iko hai ila haionekani? Fundi hubonyeza Caps Lock aone kama taa yake inawaka na kuzima. Hutega sikio pia. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilijikagua kila ilipowashwa, ikatoa mlio mmoja mfupi mambo yakiwa shwari, na milio mingine palipokuwa na hitilafu. Desturi hiyo haijafa. Baadhi ya mashine za HP hukonyeza taa kwa idadi maalumu, na fundi huhesabu kimya kimya, midomo ikicheza.

Halafu huwasha tochi ya simu na kukimulika kioo kwa ubavuni. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko popote. Kioo cha LCD hakina mwanga wake chenyewe. Ni kama kanga iliyotundikwa dirishani: maua yote yapo, lakini bila mwanga kutoka nyuma huyaoni. Taa ya nyuma zamani ilikuwa mrija mwembamba, siku hizi ni LED. Tochi ikifichua picha hafifu, basi picha ipo na taa ndiyo iliyozimika: pengine fyuzi ndogo kuliko punje ya mtama, pengine waya uliochubuka kwenye bawaba kwa kufunguliwa na kufungwa. Pasipoonekana kitu, mashine huunganishwa na televisheni. Picha ikitokea huko, ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Isipotokea, tafuta kwenye RAM au bodi. Na hadi sasa hakuna skrubu iliyoguswa.

(Kuna hata bangili za sumaku. Swichi ya kifuniko huhisi sumaku, ikidhani kimefungwa, na kioo kinazimika mkono unapokaa mahali fulani. Nilipolisikia hili nilicheka.)

Ubovu ukiwa kwenye RAM, mara nyingi dawa ni kufuta meno yake kwa raba ya mwanafunzi na kuirudisha sawasawa. "Yaani ni raba tu?" mteja huuliza, mkono ukisita mfukoni. Yuko radhi kulipia kioo kipya kilichoagizwa Kariakoo na kuja na basi, kwa kuwa anakiona. Kulipia kuambiwa kwamba kioo hakihitajiki kunamuuma. Fundi mwongo anaishi kwa udhaifu huo. Nadhani bei ya kuchunguza ingebandikwa ukutani, juu ya bei ya vipuri.

Wakati mwingine bodi imeungua kweli. Fundi mzuri husema hivyo bila kuzunguka, huchomoa diski, huiunganisha na mashine nyingine, na alama za mtihani wa kidato cha pili huhamia kwenye flashi. Kama mwalimu ameridhia kuiacha mashine, fundi hukitoa kioo, hukijaribu na kukiweka rafuni. Kuna mwingine atakuja na kilichopasuka.